Koma

Saa tisa usiku, Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani,
nimeamka tena kuangalia mtungi wa gesi.
Umefungwa. Nilijua umefungwa.
Nimeukaza upya, nimegusa komeo la mlango,
nimeligusa tena,
nimesimama katikati ya ukumbi
moyo ukigonga kama mtu anayenidai.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyepiga simu.
Hofu imekuja tu, imevua viatu mlangoni,
imekaa kama wifi asiyesema ataondoka lini.

Kisha joto. Linaanzia hapa, chini ya titi,
linapanda shingoni, linafika masikioni,
na gauni la kulalia linanganda kama tambara la kudekia.
Nafungua friji. Kanga yangu imo humo
tangu magharibi, imekunjwa juu ya changu wawili.
Najitanda. Mbavu zinashtuka.
Nimekaa sakafuni, nanuka samaki, nacheka,
halafu, sijui ni wapi palipogeuka, nalia.

Mhina yuko macho. Hasemi kitu.
Juzi nilimtupia kijiko
kwa sababu alikoroga chai kwa kelele.
Miaka ishirini na saba anakoroga vivyo hivyo.
Jana alikunywa bila sukari
ili asikoroge.

Nesi wa Bombo, binti mdogo, hina hadi viwikoni,
aliniambia akiitazama karatasi:
"Mwalimu, moyo wako mzima. Ni kukoma hedhi.
Hofu, hasira, kukosa usingizi, vyote vimo humo humo."
Nianze daftari, niandike siku na usiku wake,
nipunguze kahawa, nitembee jioni,
nirudi baada ya mwezi; pasipotulia
dawa zipo, tutazungumza.
Nilikuwa na maswali kifua tele.
Nikamwuliza hina amechorwa na nani.

Kukoma.
Mimi nafundisha Kiswahili, neno halinipiti hivi hivi.
Koma! tulifokewa utotoni, fimbo ikiwa juu.
Utakoma! Na tulikoma.
Koma ni wafu wetu wanaotaka kukumbukwa.
Na koma ni kile kimkia ninachochora ubaoni
nikiwaambia darasa la tano:
hapa vuta pumzi, sentensi haijaisha.

Mama aliwahi kumwaga sufuria ya kunde uani,
yote, zikifuka moshi, sisi tumeshika sahani.
Ilikuwa Pongwe, na alikuwa na umri huu wangu.
Usiku alilala barazani, kifua wazi,
akisema nyumba inaungua.
Watu wakasema ana shetani.
Tukaleta fundi, ngoma siku saba, buhuri, mbuzi mweusi.
Wakamkalisha kwenye kigoda, wakamfunika shuka zito,
wakampulizia moshi humo ndani,
yeye aliyekuwa akiomba upepo tu.
Mimi nilishika chetezo.
Nilikuwa na miaka kumi na minne
na nilijivuna kwamba mkono wangu hautetemeki.

Hakuna aliyemwuliza, mama, umelala?

Naandika daftarini kwa mwanga wa friji:
Jumanne. Joto mara sita. Kulia mara mbili.
Hofu, saa tisa hadi adhana.
Usingizi, hapo naacha wazi.
Chini yake kalamu inaandika yenyewe
Mwanamvua binti Singano,
na inasimama kwenye koma, haijui la kufuata.

Umeme umekatika. Feni inazunguka mara tatu za mwisho.
Mhina ametoka chumbani na kawa,
anakaa nyuma yangu, ananipepea.
"Unaandika nini?"
Namwambia nitamsomea, si leo.
Halafu namwambia kukicha aitie chai sukari,
akoroge.
Nikikasirika, nitakasirika.