Kituo cha Medali

Wageni walikaa siku tisa.
Ngazi zimekaa miaka kumi na minne:
vidato mia nne na kumi na viwili vya saruji
kutoka ukingo wa Kivu hadi mgongoni mwa Kadutu,
vilivyomwagwa usiku na mchana
ili wanaume wa nchi sita wavipande mbio
mara moja,
asubuhi ya Jumamosi.

Siku ya ufunguzi ilinyesha mvua ya mawe.
Mkubwa mmoja kutoka nchi za theluji alicheka,
akaokota mawe mawili, akayatia ndani ya glasi yake.
Sisi tulikuwa tunatazama mabati yetu.

Jiko la Mama Nsimire lilikuwa pale kidato cha mia mbili.
Alipewa karatasi yenye muhuri, akaambiwa: subiri.
Anayo bado, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Kila kiangazi huitoa akaianika juani
isiliwe na ukungu.

Jukwaa la washindi linakausha sambaza.
Pale pa mshindi wa kwanza pana jua zaidi, asema Ntakwinja,
kwa hiyo samaki wa pale hawapunguzi bei.
Mlingoti wa nchi ambayo jina limetutoka
umeshika kamba ya nguo upande mmoja;
upande wa pili umeshikwa na mparachichi.

Sitaki kusema uongo. Ni rahisi kuilaumu saruji.
Usiku ule uchungu ulipomshika Nabintu,
wanaume wanne walimteremsha kwa tipoyi
bila kuteleza hata mara moja, wakihesabu kwa sauti,
na mtoto akazaliwa barabarani, mzima,
mkali mpaka leo.
Kabla ya ngazi tuliwashusha wawili kwa njia ya matope.
Majina yao sitayaandika hapa.

Lakini maji nayo yalijifunza kukimbia.
Zamani mvua ilishuka kwa adabu, migombani,
ikisimama hapa na pale kama mgeni anayeulizia nyumba.
Siku hizi haiulizi.
Inaujua mstari wa mwisho ulipo:
ni mlango wa Zihindula.
Machi ile ilibeba ukuta, mbuzi wawili,
na vidato kumi na vitano.
Watu wa ofisi wakaja, wakalipiga picha pengo,
wakaondoka na picha.

Na yupo Mugisho.
Ndiye aliyetukimbilia. Alifika wa nne.
Hakuna jukwaa la mtu wa nne, hata la mbao.
Tulimwita Wa Nne kwa uchungu, halafu kwa mzaha,
halafu likawa jina tu;
watoto wa sasa wanadhani ndivyo alivyobatizwa.
Anapandisha mifuko ya saruji begani
kwa watu wanaojenga juu, juu zaidi,
mahali ambapo mlima haujakubali bado.

Juzi nilimkuta amekaa, mfuko magotini kama mtoto.
Nikamwuliza kama humkumbuka yule aliyemshinda.
Akafuta vumbi kwenye kope.
“Kidato cha sitini na tatu kinacheza,” akasema.
“Cha mia na tisa kina unyayo wa mbwa
aliyekanyaga saruji ikingali mbichi.
Yale mapengo kumi na matano nayaruka gizani.
Yule bwana havijui.
Alipita tu.”

Huko chini wenye pikipiki walikuwa wanaita,
Medali! Medali! Nafasi moja!
ingawa medali hatukuwahi kuiona
ila ya mbali, shingoni mwa mtu anayekwenda kwao.

Mama Nsimire akatupita, bidoni la maji kichwani,
shingo imenyooka, pumzi fupi fupi.
Alipofika mia mbili hakupumzika.
Alipunguza mwendo kidogo,
akasema hodi,
akakanyaga.