Kidole cha Mwisho

Nilishuka Ndaga na kishkwambi ndani ya mfuko wa nailoni,
fulana mpya ya buluu, posho ya siku kumi na nne,
na sentensi niliyokaririshwa ukumbini Mbeya mjini:
"Mama, kuanzia leo soko litakufuata shambani."

Ukungu ulikuwa haujaamua kuondoka.
Mtandao nao haukuwa umeamua kufika.
Kijiji kizima ulikaa mahali pamoja tu,
ngazi ya tatu ya ghala la pareto.
Si ya pili. Si ya nne.
Basi foleni ikapanda pale, mtu mmoja mmoja,
kama wanaokwenda kuungama.

Tupokigwe alikuja na udongo hadi viwikoni.
Nikamwomba kidole gumba. Mashine ikasema: haijasomeka.
Cha shahada: haijasomeka.
Akanawa kwa maji ya moto, akasugua limau,
akajifuta kwa ncha ya kitenge, akarudi.
Haijasomeka. Jaribu tena.
Akaviangalia vidole vyake kama anaona deni la zamani.
"Jembe limekula," akasema.
Miaka arobaini ya mpini.
Mashine ilitaka kujua yeye ni nani
na kazi yake ndiyo iliyolifuta jibu.

Tukafika kidole cha mwisho, mkono wa kushoto,
kile anachokinyanyua akishika kikombe cha chai,
kile ambacho mpini haujawahi kukihitaji.
Taa ya kijani ikawaka.
"Ala! Kumi wapo, serikali imemtambua mvivu!"
Foleni ikacheka mpaka mbwa wa mlinzi akabweka.

Swali la kumi na moja: uzito wa gunia.
Kilo hamsini. Kilo mia. Basi.
Hapakuwa na mahali pa lumbesa,
lile gunia lenye kilemba, lililofumiwa kamba juu ya mdomo,
linaloitwa moja na kubeba moja na nusu.
Ambakisye dalali alikuwa amesimama ukutani,
sindano ya magunia imechomekwa kofiani.
"Weka mengineyo," akaniambia kwa upole.
Hakuna mengineyo, nikamjibu.
Hakuna aliyepiga makofi.
Maana Desemba, mvua zikiwa zimeshika na mfuko mtupu,
ni yeye aliyekopesha mbolea
wala hakuuliza kidole cha mtu.

Siku ya tano oda ikaingia: magunia mawili, Dodoma.
Mteja hana uso, ana namba.
Nikataka tuvioshe viazi kwanza, tupige picha nzuri.
Tupokigwe akakataa.
"Auone udongo wangu. Asije akadhani vimeota dukani."
Kisha akashika simu kwa mikono miwili, akauliza,
"Sasa huyu nitamsalimiaje?"
Nikamwonyesha pa kuandikia. Akaniamuru niandike:
Ugonile. Viazi hivi havitaki maji mengi.

Pesa ikafika ikilia kama kifaranga.
Nikamsomea: kiasi, tarehe, salio, makato.
"Makato ya nani?"
Nikataja: ya kutuma, ya kupokea, ya mfumo.
Akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole visivyosomeka.
"Na huyo mfumo," akasema, "alikuja lini kupalilia?"
Sikuwa na sentensi ya hilo. Ukumbini hatukufika huko.

Lakini jioni nilimwona amekaa ngazi ya tatu peke yake,
kanga imefunika kichwa na simu,
uso umewaka buluu kwa chini,
akipitia bei za Iringa, za Makambako, za Tunduma,
akiguna, akirudia,
na Ambakisye akasimama ngazi ya nne, ambapo hakuna mtandao,
akiinama kumchungulia begani.

Siku ya kumi na nne nilijaza ripoti.
Kisanduku cha Changamoto: herufi mia na sitini, zisizidi.
Nikaandika: Ngazi ya tatu iongezwe upana.
Zikabaki herufi mia na thelathini na moja.
Nilikaa nazo mpaka chaji ikaisha.
Vidole tisa vya Tupokigwe
havikuenea humo.