Niliwahi

Kwenye jalada kuna mwanamke mwenye koti la manyoya,
ameegemea gari ambalo mtaani kwetu
hakuna aliyewahi kulimiliki,
ingawa nusu ya mtaa ilifunga vitasa vyake.
Jina la kaka yangu liko chini, pembeni,
herufi moja imedondoka: Cleota Mayhorn.
Mama alikwenda nalo kanisani hivyo hivyo.

Shati nililipiga pasi mimi.
Jeupe, la mkopo, kutoka duka la Grabowski,
kola nimeitia wanga hadi ikasimama yenyewe
kama mtu anayesubiri kuitwa.
Walimpiga picha ishirini na nne akiwa amelivaa.
Hatukuona hata moja.

Hiyo ilikuwa Detroit, Februari ya hamsini na nane,
suruali zimeganda kwenye kamba, zimesimama kama askari,
na Cleotha ameomba ruhusa ya siku tatu kiwandani
akisema amefiwa na shangazi.
Shangazi Odessa, mzima wa afya,
ndiye aliyemfungia kuku wa njiani.
Saksafoni ilikuwa rehani tangu Krismasi.
Niliikomboa kwa kodi ya mwezi,
nikamkwepa mwenye nyumba kwa mlango wa nyuma
hadi Pasaka.

Watu watano, saa sita, chumba kimoja
ng'ambo ya mto kutoka New York.
Ambrose Teague kwenye besi, mikono ya mchinja nyama.
Hosea Lyle kwenye piano, hakuvua kofia.
Varnado na tarumbeta yake iliyobonyea.
Na nyuma yao kijana wa Pittsburgh, Roscoe Dill, miaka kumi na tisa,
akizipiga ngoma kama mtu
anayelipa deni na kudai deni kwa pigo lile lile.

Magazeti yakasema ni jazi ngumu.
Ngumu kwa nani?
Mimi nilisikia mashine ya kukandamiza milango:
pa, pa, kimya, pa,
na ndani ya ule ukimya kaka yangu anapenyeza sentensi nzima,
ananung'unika, anatania, anambishia mchungaji,
anarudi mstarini kabla chuma hakijashuka.
Aliyekwisha kujua wakati wa kuondoa mkono
hafundishwi mahali pa kuvuta pumzi.

Ila wimbo wa mwisho, upande wa pili,
aliingia mapema.
Mapigo mawili. Peke yake, hewani, hana pa kukanyaga.
Dill hakusita:
akaihamisha nyumba nzima, nguzo na paa,
akaiweka chini ya miguu yake.
Fundi wa mitambo alitaka warudie.
Saa zilikuwa zimekwisha, na saa zilikuwa na bei.
Kosa likabaki, likauzwa pamoja na mengine.

Jumatatu alikuwa kiwandani.
Baadaye wakampeleka chumba cha rangi,
kwa kuwa, walisema, ana mapafu yenye nguvu.

Ana miaka themanini na saba.
Mashine ya oksijeni inakaa kando ya jokofu,
mrija wake unavuka jikoni kwangu, nauruka nikipika.
Leo nimeiweka santuri, upande wa pili.
Sindano inakwaruza,
na kabla ya noti ya kwanza, sikiliza,
kuna pumzi. Fupi, ya pembe za mdomo,
pumzi ya mwanamume wa miaka ishirini na minane
ambaye kuku yuko tumboni na kodi haijalipwa.
Mashine inavuta. Santuri inavuta.
Kwa kitambo sijui ipi inamlisha nani.

Tunafika pale.
Kidole chake kinagonga blanketi mara mbili.
"Niliwahi," anasema.

Ndiyo, Cleotha. Uliwahi.

Halafu ananiuliza, bila kufumbua macho,
kama Grabowski tulimmalizia pesa zake za shati.