Mtulizi

Kisanduku kilishuka na basi la usiku kutoka Mombasa,
kimezungushwa gundi mara tatu kama siri ya ukoo.
Ndani: silinda ndogo, fimbo yake inang'aa,
vibano viwili, bolti nne, karatasi ya Kijapani.
Nyevu aliigeuza karatasi, akaifutia mikono.
"Mimi nitamwita mtulizi," akasema,
na gereji nzima ya Maweni haimjui kwa jina jingine.

Pikipiki yenyewe ni ya mwaka themanini na tatu.
Niliinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akirudi kwao,
enzi hizo mimi bwana mifugo, nikichanja ng'ombe
Langobaya, Baricho, hata ng'ambo ya Garsen.
Ina tangi pana kama tumbo la kaimu chifu
na masanduku mawili yaliyowahi kubeba
chanjo, mbuzi mmoja, na mahari ya mwanangu.

Lakini ikifika tisini, usukani hushikwa na degedege.
Huanza kidogo, kama kope inayocheza,
kisha mikono yote ni ungo,
na mpepetaji ana hasira.
Mara ya mwisho, karibu na daraja la Sabaki,
Mwanakombo alikuwa nyuma yangu.
Hakupiga kelele. Alishuka, akajifunga mtandio upya,
akasimamisha tuktuk ya kwanza.
Miaka miwili sasa.

Siku ile Nyevu hakumgusa mtulizi.
"Huyu si daktari. Aliyevunjika mguu
ukimpa dawa ya usingizi atalala. Mguu je?"
Akainua gurudumu la mbele, akalisukuma, akatega sikio.
Beringi za shingo zilikuwa zimechimbika vishimo,
ungeweza kuchezea bao.
Tukabadilisha beringi. Tukabadilisha tairi
lililolika katikati likawa bapa.
Wiki ikaisha. Pesa ya mbuzi wawili ikaisha.

Ndipo akatolewa.
Kibano hakikukaa: kilichongewa foku ya mdogo wake.
Tupa ikalia tangu adhuhuri hadi alasiri,
unga wa aluminiamu ukameta,
kucha za Nyevu zikawa za biharusi.
Usukani ukikatwa kulia kabisa, fimbo inagusa tangi.
Akaishusha nusu inchi. Ikagusa.
Akatukana kwa Kigiriama, kwa upole, akaishusha tena.

Kabla ya kufunga aliniwekea silinda kiganjani.
"Vuta."
Nikavuta polepole, ikaja kama mtoto msikivu.
"Sasa kwa nguvu."
Ikagoma, punda aliyeona nyoka.
Ndani mna mafuta na tundu dogo la kupitia, basi.
Mwenye subira hupita, mwenye papara husubirishwa.
Ningelikuwa nacho shingoni ujanani
nisingeliuza shamba la Muyeye.

Asubuhi nikaelekea Mambrui.
Themanini. Themanini na tano. Tisini.
Niliungoja mtikisiko kama mgeni
aliyepiga simu kwamba yuko njiani.
Upepo wa daraja ukanipiga ubavuni,
usukani ukafikiri kidogo, ukaamua kunyamaza.
Tisini na tano. Hakuja mtu.
Sitaficha: niliona upweke.

Kurudi, pale sokoni, mwendo wa mtu na kikapu,
pikipiki ikakataa kupinda.
Nililipa nyanya za watu, kilo tatu.
Nilikuwa nimekaza mno.
Nikakirudisha kifundo alama mbili nyuma,
maana utulivu nao una kiasi chake.

Nyumbani Mwanakombo alitoka na mwiko mkononi.
Akaushika mpini, akausukuma taratibu,
kisha ghafla.
Akarudia, kama anayemhoji shahidi.
"Kumbe hakatai," akasema. "Hataki kukurupushwa tu."
Alinitazama mimi, si pikipiki.
Halafu: "Helmeti yangu iko wapi?"

Nikageuza macho kwenye pembe ya banda.
Tetea mwekundu alikuwa amejaa ndani yake,
ameatamia, siku ya kumi na moja.
Tukahesabu kwa vidole, vyake na vyangu.
Zimebaki kumi.