Ukungu wa Aina Mbili

Amani kuna ukungu wa aina mbili:
ule unaopanda kutoka Zigi alfajiri
ukamlowesha mtu mpaka nyusi,
na ule ninaoulea mimi kwenye sahani
kwa uji wa viazi na sukari,
kama mwana wa kuokota.
Wa kwanza haunihitaji.
Wa pili, umeme ukikatika siku mbili,
unanuna, unageuka rangi,
unaliwa na wenziwe.

Anayeniongoza msituni ni Mntangi.
Miaka kumi na minne alipasua mbao,
yeye ndani ya shimo, Sempombe juu,
msumeno katikati yao ukienda na kurudi.
Anajua kila gogo linakoozea
maana ndiye aliyelilaza.
"Huyu mvule nilimwangusha mwaka wa mvua kubwa.
Nusu tukamwacha, bwana misitu alikuwa anakuja."
Anasema *huyu*. Hasemi *huu*.

Nami nachutama: kisu, pamba, spiriti,
bahasha ya karatasi, kwa kuwa uyoga hupumua.
Masikio ya rangi ya chungwa. Vidole vyeusi.
Kitu kama ute, kitu kama ukili ulioloa.
Naandika: *gogo la mvule, ubavu wa chini,
harufu ya dagaa waliosahauliwa.*
Mntangi huuliza lilelile kila safari:
"Na huyu anatibu nini?"
Nami lilelile: "Bado hajasema."

Kifundoni ana kidonda ndugu.
Msumeno ulimlamba siku ya mwisho ya kazi.
Waliokiita *ndugu* walijua kuita:
hakiagi, kinakula nawe, kinalala nawe,
ukihama kimeshatangulia.
Kimemeza vidonge vya Muheza, sindano za Bombo,
mafuta ya msambu, na nadhiri mbili.
Usaha wake niliuotesha,
nikavitupia vijidudu vyake dawa sita za hospitali;
vikazipita
kama mbuzi apitavyo ua bovu.

Halafu namba mia na kumi na saba.
Ukungu wa kijivu, mnyonge, ulikaribia kutupwa,
uliotoka kwa yule mvule.
Jumatatu nafunua sahani:
umejizungushia uwanja mtupu,
vijidudu vyote vimerudi nyuma
kama watu ngomani wanaompisha mwenye panga.
Milimita ishirini na mbili. Nilipima mara tatu.
Saa kumi na moja alfajiri nikampigia Daktari Shekiondo,
akadhani kuna msiba.
Mntangi sikumwambia neno.
Ila nilimnunulia soda, akaitazama soda, akanitazama mimi.

Miezi mitano, majibu yakarudi kutoka Dar,
karatasi moja iliyojaa vilele kama Usambara ya penseli.
Chini yake mstari: *kinajulikana.*
Kilishapatikana kwingine, kabla sijazaliwa,
kikapewa jina, kikawekwa kabatini.
Vijidudu kinaviua, kweli.
Na figo kinaziua.

Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wa kale.
Mimi nilitafuta kwenye kuvu
na hata hilo kovu sijampa.

Nilimweleza tukiwa tumekaa kisikini.
Alisikiliza huku akifungua bendeji.
"Kwa hiyo dawa alikuwa nayo, na sumu alikuwa nayo."
"Ndiyo."
"Na mbao zake ni milango ya watu Ngamiani."
Hilo sikuwa na la kulijibu.
Nikamwosha kwa maji ya chumvi yaliyochemka.
Hakuguna. Mimi ndiye niliyeguna.

Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya mashamba ya chai:
"Kule kuna mkuyu. Yule sikumgusa,
alianguka mwenyewe.
Labda hana kinyongo."

Ukungu ulikuwa umeshashuka;
sikuona mkuyu, sikuona chai,
nusu ya kidole chake sikukiona.
Nikatoa bahasha, nikaandika 118,
na penye harufu
nikaacha wazi.