Bure

Karani ameandika sufuri kwenye risiti,
akaigonga mhuri. "Ni bure, mama."
Nikabaki pale dirishani na kikaratasi changu
kama mtu aliyerudishiwa chenji ya ziada.

Neno hilo nalijua tangu utotoni.
Unalia bure. Unajichosha bure.
Na majirani wa Maweni, nikipita na ndoo kichwani:
mtoto huyu si bure, ana jambo.
Nilikuwa na jambo. Nilikuwa na miaka tisa.

Bei yangu ilipangwa alasiri moja
kwenye mkeka, na watu wazima saba:
mbuzi wawili, mchele nusu gunia,
na maneno yaishie hapa.
Mbuzi mmoja tulimla Jumapili.
Mama aliniwekea ini, kipande laini,
nami nikala, maana nilikuwa na njaa.
Hilo ndilo lililochelewa kutoka.
Si yeye. Si kile chumba cha uani.
Ini.

Ni fundi cherehani, Ngala, mwaka wa ishirini na tatu.
Napima watoto sare, mabega, kiuno,
na kabla sijamgusa mtoto nasema, "Nikupime?"
namsubiri aitike. Wazazi hucheka:
fundi una adabu kupita kiasi.
Pini naziweka mdomoni.
Mwenye pini mdomoni haulizwi swali.
Akiguna, inatosha.

Chumba namba saba, nyuma ya dirisha la dawa.
Feni inalia, viti viwili havifanani,
na Bi Nyevu ana daftari ambalo halifungui.
Mara ya kwanza nilimweleza vitambaa.
Tetroni hupauka, nikasema, gabardini hudumu.
Akaisikiliza gabardini saa nzima
kama anayesikia kitu kingine kikija kwa mbali.
Mara ya nne nikatema pini moja.
Mara ya sita, ini.
Hakukimbilia kunipa pole. Aliiacha feni izunguke,
kisha akauliza polepole:
"Na yule mtoto, alishiba?"

Jana asubuhi Luvuno wa ushuru alipita
na kitabu chake cha tiketi. Shilingi thelathini.
Akaondoka, nikashika chaki, nikahesabu juu ya meza,
pale ninapochorea suruali.
Kumbe sufuri ya karani ina wenyewe.
Imo thelathini yangu, imo ya Kadzo wa mchicha,
ya kijana wa kuziba pancha, ya muuza halua
anayelipa huku akimtukana Luvuno na ukoo wake.
Na pengine, Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu,
imo ya yule mzee. Yu hai. Anauza makaa Kakuyuni,
naye hukatiwa tiketi.
Analipa kidogo kidogo
na hajui analipa nini.

Wanasema mwezi wa sita mkataba wa Bi Nyevu unaisha.
Fungu lake halimo kwenye makadirio mapya.
Zimo taa za barabarani, nazo tunazitaka,
limo lango jipya la ofisi.
Alhamisi kuna kikao cha maoni ukumbini,
wananchi wote mnakaribishwa, soda ipo.

Nitakwenda. Sitausimulia mkeka,
wala chumba cha uani. Hayo si ya ukumbini.
Nimejishonea gauni la gabardini ya samawati,
mifuko miwili, mirefu, inayofika mapajani.
Kipaza sauti kikinifikia nitataja jina:
Dama Kahindi, fundi.
Nitaomba namba saba isifungwe.
Najua watageukiana, mkono mdomoni:
huyu si bure.

Si bure, ndiyo.
Tiketi zangu ninazo zote mfukoni,
nimezifunga kwa uzi.