Bolti Inayofunguka Kwa Kufungwa

Ililia wiki tatu.
Mwanzo kama kifaranga, asubuhi tu, injini ikiwa baridi,
kisha ikazoea, ikalia hadi mchana,
na Eleuterio akaongeza sauti ya redio
mpaka redio nayo ikapasuka koo.

"Ni mkanda," alisema. Tukanunua mkanda.
Siku ya nane umechanika ukingoni,
nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu.
"Mikanda ya siku hizi!" Tukanunua mwingine.

Mkanda haujui kujitetea.
Huenda unakoelekezwa,
na anayeuelekeza kombo hatazamwi na mtu,
kwa kuwa anazunguka,
na azungukaye huonekana anafanya kazi.

Lori lilitulalia nje kidogo ya Gobernador Costa,
marobota arobaini ya sufu mgongoni,
taa ya betri imewaka, rejeta inachemka,
na upepo wa Patagonia unalipiga turubai makofi
kana kwamba kosa ni la turubai.
Guanako wanne walisimama ng'ambo ya seng'enge,
wakatutazama, wakatafuna.

Nikafunua boneti.
Mkono wangu ni mdogo kuliko wake
(ndiyo maana mimi ndiye fundi wa ndoa hii;
subira ni habari nyingine),
ukapita kati ya feni na rejeta,
ukavua mabaki ya mkanda.
Kisha nikazungusha kila puli kwa kidole.
Ya alteneta: kimya.
Ya pampu ya maji: kimya, nzito kidogo.
Ya kukazia mkanda:
mchanga kwenye meno.
Nikaishika, nikaitikisa, ikacheza
kama jino la mtoto wa miaka sita.
Mfereji wake ulikuwa umelika upande mmoja
hadi kuwa wembe. Najua. Ulinikata.

Puli mpya ilikuja na basi la usiku kutoka Comodoro,
ndani ya boksi la biskuti,
imeviringwa kwa gazeti la michezo.
Tulikuwa tumeshalala usiku mbili ndani ya kebini,
mimi, yeye, na Tordo, mbwa anayekoroma.

Bolti ikagoma.
Nikaitia mafuta, nikangoja, nikaining'inia spana
kwa uzito wangu wote na wa koti.
Eleuterio akasema: lete bomba, turefushe spana.
Nikasema: ngoja kwanza.
Nikafuta tope kwa kidole chenye plasta,
nikatazama njia ya zile nyuzi.

Kuna bolti zinazofunguka kwa kufungwa.
Nimeishi na mmoja miaka kumi na tisa,
nilipaswa kukumbuka mapema.

Nikageuza mkono upande wa kukazia.
Ikatoa mlio mmoja, mfupi, ikaachia.

Mpya nikaizungusha hewani kabla ya kuifunga.
Ilinong'ona tu, kama mtu anayefunua karatasi
chumba ambamo mwingine amelala.
Mkanda wa tatu juu yake. Nikaubonyeza kwa dole gumba:
ukakubali kidogo, ukakataa kingi.
Sawasawa.

Akawasha.
Injini ikavuma, na juu ya mvumo wake
hapakuwa na kitu.

Kilomita kama kumi hivi mbele ya pale,
"NIPE CHAI!" akapiga ukelele Eleuterio.
"IMEKWISHA!" nikamjibu.
Tordo akaruka, akagonga kichwa dashibodini.
Tukatazamana.
Wiki tatu tumekuwa tukipigiana kelele kuishinda puli,
na sasa hapakuwa na wa kushindwa.

"Imekwisha," nikasema tena, polepole.
Sauti yangu ilitoka ngeni,
kama nguo iliyokaa sandukuni.
"Haya," alisema. Naye pia polepole.

Hatukusema zaidi hadi Esquel.
Nyuma ya kiti puli kuukuu ilibingirika kila kona,
ikaenda, ikarudi,
ikigonga jeki, ikigonga chupa tupu,
bado inafanya kazi.